Bi. Marlys Tveit na Ndege Ambayo Hakuna Aliyeiuza

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, saa kumi na nusu jioni, Bi. Marlys Tveit atastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya kodi kwa miaka thelathini na saba kasoro siku tisa. Siku hizo tisa zimetajwa kwa makusudi. Rasimu ya kwanza ya makala haya ilisema "miaka thelathini na saba", na Bi. Tveit, alipoombwa kuhakiki tarehe, aliirudisha ikiwa na mstari wa penseli na neno moja pembeni: "Bado."

Aliingia kazini Jumatano, tarehe 6 Julai 1988, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, kama mpiga chapa katika chumba cha chini ya ardhi ambacho sasa ni stoo ya karatasi. Mwaka 1993 alihamishiwa dawati la ndege. Wakati huo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa limebanwa kati ya lifti na bomba la joto, na aliyekuwa amelikalia kabla yake aliondoka akisema kwamba wenye magari hulalamika, lakini wenye ndege hulalamika wakiwa na mawakili. Bi. Tveit aliomba jambo moja tu, simu yenye waya mrefu ili aweze kufika kwenye kabati la mafaili huku akiongea. Alipewa, na hakuhama tena.

Kwa wenzetu wa vitengo vingine ambao hawajawahi kufika pembe hiyo ya ghorofa ya tatu, kazi ya dawati la ndege ni hii. Mtu akinunua ndege hapa jimboni, hulipa kodi ya mauzo. Akihamia hapa kutoka jimbo jingine na ndege yake, dawati humuuliza kama aliilipia kodi kule alikoinunua. Kama hakuilipia, hudaiwa kodi ya matumizi hapa kwetu, asilimia sita, isipokuwa kama aliinunua akiwa mkazi wa kule na ameitumia kule kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuhama. Ukiisikia mara moja ni kanuni rahisi. Bi. Tveit ameieleza kwa simu, kwa hesabu yake mwenyewe, zaidi ya mara elfu kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumsikia akiieleza kwa hasira.

Yako mambo mengi ya kukumbuka. Yuko mkulima wa ngano aliyeandika kwenye fomu kwamba ndege yake ya kunyunyizia dawa ni "trekta, yenye mabawa". Bi. Tveit alimpigia simu, wakaongea saa nzima juu ya mvua, na mwisho wa mazungumzo mkulima akaomba fomu mpya kwa hiari yake. Wako ndugu wawili waliorithi puto moja la kurukia, kila mmoja akataka kulisajili peke yake. Aliwaita wote wawili ofisini, akawaweka kwenye chumba kimoja na sahani ya keki aliyoioka mwenyewe, akafunga mlango. Walitoka na fomu moja na sahani tupu.

Na ipo baridi ya Januari 2003, bomba la ghorofa ya nne lilipopasuka na kulowesha makabati sita ya mafaili. Wengi walisema mafaili hayo yatupwe. Bi. Tveit alitundika kamba kutoka dirisha hadi dirisha akaanika karatasi kwa vibanio vya nguo. Kwa wiki mbili ofisi ilionekana kama uwanja wa nyuma wa nyumba siku ya kufua, na mkurugenzi mkuu alipokuja kukagua hasara alilazimika kupita ameinama. Hakuna faili hata moja lililopotea.

Lakini makala haya yameombwa pia yaeleze jambo moja kwa kirefu, na Bi. Tveit ameruhusu liandikwe mradi liandikwe kama lilivyotokea. Ni suala la ndege ya familia ya Ruzicka, la Oktoba mwaka jana.

Mwezi Julai 2024 dawati la ndege lilipata karani mpya ili ajifunze kazi kabla Bi. Tveit hajaondoka. Jina la karani huyo liko mwisho wa makala haya, kwa hiyo hakuna haja ya kulificha. Alikuwa na shahada ya uhasibu, alama nzuri, na miezi sita ya majaribio mbele yake. Alikuwa pia na woga mwingi. Faili lake la kwanza lilikuwa la Bw. Delbert Ruzicka, fundi mstaafu wa mabasi ya shule mwenye umri wa miaka sabini na moja, aliyehamia hapa kutoka jimbo la Oregon mwezi Mei, yeye na mkewe Wilma, ili wawe karibu na wajukuu. Alikuja na ndege ya viti viwili. Oregon hawana kodi ya mauzo, kwa hiyo swali la dawati letu lilikuwa la kawaida: ndege hii ilinunuliwa lini, na kwa bei gani?

Karani alifungua rejista ya ndege ya serikali ya shirikisho. Mahali pa jina la mtengenezaji palikuwa pameandikwa "Ruzicka". Akaitafuta kampuni ya Ruzicka katika kitabu cha bei za ndege na hakuiona. Hilo halikumtia shaka, maana viwanda vidogo viko vingi. Kwa uangalifu wote aliofundishwa chuoni, akaandika barua rasmi kwa "Kampuni ya Ndege ya Ruzicka, Idara ya Mauzo", akiomba nakala ya ankara ya mauzo ndani ya siku thelathini, akaituma kwenye anwani ya mtengenezaji iliyokuwa kwenye rejista.

Anayejua ndege za watu binafsi ameshaanza kucheka. Mtu akijitengenezea ndege nyumbani, sheria ya shirikisho humwandika yeye mwenyewe kuwa mtengenezaji. Kampuni hiyo haikuwahi kuwapo. Ile ilikuwa anwani ya karakana ya gari nyuma ya nyumba waliyoiacha Oregon.

Siku thelathini zikapita bila jibu. Mtambo wetu wa kompyuta, muuzaji asipoleta ankara, hutoa madai wenyewe kwa kukisia bei ya soko. Karani alichagua katika kitabu ndege ya kiwandani inayofanana na ile, dola elfu tisini na nane, na tarehe 3 Septemba madai ya dola 5,880 yakatoka kwa jina la Bw. Ruzicka, yalipwe kabla ya mwisho wa Oktoba, la sivyo ndege izuiliwe.

Jibu la Bw. Ruzicka lilifika tarehe 3 Oktoba, kwa kalamu ya wino, ukurasa mmoja. "Idara ya Mauzo imepokea barua yenu ikiwa imechelewa, kwa sababu Idara ya Mauzo imehama," aliandika. "Kwa miaka kumi na minne Idara ya Mauzo haijauza hata ndege moja. Imetengeneza moja tu, na imeoa aliyesaidia kuitengeneza. Naomba mniambie ankara hiyo nijiandikie mimi kwa mimi, au mke wangu ndiye aniandikie."

Karani alipoisoma alielewa mara moja alichokifanya. Hakumwambia mtu. Aliiweka barua chini ya trei yake, na ikakaa hapo siku kumi na tisa. Kila asubuhi alikuwa akijiambia kwamba leo ndiyo leo. Jumanne, tarehe 22 Oktoba, Bi. Tveit alipokuwa akimfundisha jambo jingine kabisa, karani alivuta trei, akatoa barua na kuiweka mbele yake.

Bi. Tveit aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. Mara ya pili alitazama tarehe.

"Hii imekaa hapa tangu lini, Garrick?"

"Tangu tarehe tatu."

"Na umelala vizuri siku zote hizo?"

"Hapana, Bi. Tveit."

"Afadhali," alisema, na tayari alikuwa anavuta simu. "Mimi hupiga simu kwanza, ndipo naandika. Wewe umeanza na kuandika. Sogeza kiti usikie."

Aliyepokea ni Bi. Wilma Ruzicka. Bi. Tveit alijitambulisha, akaomba radhi kwa niaba ya ofisi, akauliza kama wana dakika chache.

"Dakika tunazo," alisema Bi. Ruzicka. "Ndege ndiyo hatutakuwa nayo. Kuna bwana mmoja wa Nebraska anakuja kuichukua Jumamosi saa tatu asubuhi, na hundi mkononi."

"Mmeshaiuza?"

"Del amempa neno kwamba akija atauziwa. Mama, sisi tunaishi kwa pensheni ya fundi wa mabasi. Elfu tano na mia nane hatuna pa kuzitoa. Na barua yenu inasema ndege itazuiliwa. Del kasema ni heri aiuze mwenyewe kuliko kuiona imefungwa mnyororo."

"Bi. Ruzicka, ninaomba msiuze mpaka niangalie faili hili upya."

"Unaniahidi kwamba deni litafutwa?"

Wanaomfahamu Bi. Tveit wanajua kwamba hajawahi, kwa miaka yote hiyo, kumwahidi mlipa kodi jambo ambalo halijatiwa saini. "Siwezi kukuahidi," alisema. "Ninachoweza ni kuja huko kesho."

"Basi Jumamosi saa tatu iko palepale," alisema Bi. Ruzicka. "Ila njoo. Nitapika."

Kilichokuwa hatarini sasa kilieleweka vizuri. Kama uamuzi mpya usingesainiwa kabla ya Jumamosi asubuhi, watu wawili wangeipoteza kazi ya miaka kumi na minne kwa sababu ya barua moja iliyotumwa kwenye karakana.

Bi. Tveit alimweleza karani njia akiwa anavaa koti. Kodi yetu hutozwa kwenye kitu kilichonunuliwa. Ndege hii hakuna aliyeinunua, hivyo haina bei ya kukisia. Vilivyonunuliwa ni mabati ya alumini, ribiti za kuyaunganisha, injini, rafadha, redio, matairi, kila kimoja kwa risiti yake na siku yake. Na kanuni yetu inasema wazi kwamba kifaa kilichofungwa kwenye kitu kingine huhesabiwa kuwa kimeanza kutumika siku kilipofungwa. Kwa hiyo kila kifaa kilichofungwa Oregon zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Mei 2024 hakidaiwi chochote. Kazi ilikuwa kuthibitisha tarehe.

Bw. Prentiss Oyler, mkuu wa kitengo, alipoelezwa alikuna kidevu. "Risiti inaniambia walinunua lini," alisema. "Hainiambii walifunga lini. Niletee tarehe za kufunga, Marlys, nami nitasaini. Bila hizo, madai yanabaki."

"Wana daftari la ujenzi, Prentiss. Wote wanalo. Bila daftari shirikisho haliwapi cheti."

"Basi walitume."

"Hawatalituma. Ni nakala moja tu, na Bw. Ruzicka bado analihitaji ili aendelee kuikagua ndege yake mwenyewe. Nitalifuata nilisome hukohuko."

Jumatano Bi. Tveit na karani waliendesha gari maili mia moja na kumi mpaka uwanja mdogo wa ndege ulio kati ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Bw. Ruzicka aliwapokea mlangoni mwa banda la ndege akiwa amekunja mikono.

"Yupi kati yenu aliyeandikia Idara ya Mauzo?"

"Ni mimi, bwana," alisema karani.

Bw. Ruzicka alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Nilidhani ni mtu mkubwa zaidi," alisema. "Haya, ingia. Usiguse rangi."

Ndege ilikuwa nyeupe na mstari wa kijani, safi kiasi cha kuogopesha. Ubavuni, kipande cha karatasi kilibandikwa: INAUZWA. Bi. Ruzicka alikuwa amepanga madaftari saba juu ya meza ya seremala, kando ya bakuli la viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga. Yeye ndiye aliyeyaandika yote. Kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili, mmoja akiwa mbele na nyundo ya upepo, mwingine nyuma ameegemeza kipande cha chuma, na ndege ile ina ribiti zaidi ya elfu kumi na mbili.

"Nyuma ya kila moja nilikuwepo mimi," alisema. "Yeye anapiga kelele, mimi nashika chuma. Kama ndoa nyingine tu."

"Wilma, hawakuja kusikia hayo."

"Yameandikwa, mzee. Watayasoma wakitaka wasitake."

Na kweli yalikuwa yameandikwa. Bi. Ruzicka aliweka tarehe, saa za kazi, vifaa vilivyofungwa, na chini yake lolote lililomjia. "Bawa la kulia, ribiti 214. Del amenikaripia kwa ribiti ya 41, tumeacha kazi saa nane." "Mkia umefungwa. Tumekula nje." "Tangi la kushoto linavuja tena. Hatuongei." Karani alisoma kwa sauti, Bi. Tveit akaorodhesha kila kifaa na tarehe yake, na kila ukurasa ukapigwa picha. Bw. Ruzicka alianza akiwa amesimama mbali, amewapa mgongo. Kufikia daftari la tatu alikuwa ameketi. Kufikia la tano alikuwa akisahihisha. "Haikuwa ribiti ya 41," alisema. "Ilikuwa ya 43, na ulikuwa umesinzia."

Saa tisa alasiri walifika kwenye injini, na hapo wakakwama. Injini ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko vyote. Risiti yake ilikuwa ya mwaka 2018, lakini ukurasa wa kufungwa kwake ulikuwa umemwagikiwa mafuta, na mahali pa tarehe palikuwa doa jeusi tu. Ukurasa uliotangulia ulikuwa wa mwaka 2021. Uliofuata ulikuwa wa Juni 2023, tayari ndani ya mwaka wa mwisho. Katikati hapakuwa na kitu.

"Tulipumzika mwaka ule," alisema Bw. Ruzicka polepole. "Mgongo wangu. Injini ilifungwa kabla, hilo naliapia."

"Nakuamini," alisema Bi. Tveit. "Ninahitaji karatasi ya mtu mwingine. Kuna yeyote aliyeiona injini ikiwa imefungwa? Mkaguzi? Bima?"

Wazee wale wawili walitazamana. Kisha Bi. Ruzicka akaanza kucheka kwa namna ya mtu anayejaribu kujizuia.

"Mwambie, Del."

"Sina la kusema."

"Mara ya kwanza tulipoiwasha," alisema Bi. Ruzicka, "ilikuwa karakanani, mlango uko wazi, mabawa bado hayajafungwa. Ikatoa moshi na mngurumo, mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Jirani akaita zimamoto. Walikuja na magari mawili. Del alijificha kwenye friza."

"Nyuma ya friza," alisema Bw. Ruzicka.

"Zimamoto waliandika taarifa?" aliuliza Bi. Tveit, na kalamu yake ilikuwa imeshasimama juu ya karatasi.

Waliandika. Alhamisi nzima Bi. Tveit alikuwa kwenye simu na kituo cha zimamoto cha mji ule mdogo wa Oregon, ambako mtunza kumbukumbu hufanya kazi siku mbili kwa wiki, na Alhamisi si mojawapo. Ijumaa akampata. Taarifa ilifika ofisini saa tisa na dakika arobaini alasiri, ya tarehe 11 Machi 2022, yenye muhuri na saini ya afisa wa zamu. Bw. Oyler aliisoma akiwa amesimama.

"Hakuna moto," alisoma. "Mzee mmoja na ndege moja isiyo na mabawa. Injini imefungwa na inafanya kazi. Wote wazima." Akaishusha karatasi. "Marlys, nimefanya kazi ya kodi miaka ishirini na sita, na huu ndio ushahidi bora niliowahi kuletewa."

Alisaini saa kumi na dakika thelathini na tano. Madai ya dola 5,880 yalifutwa. Vifaa viwili tu vilikuwa vimefungwa ndani ya mwaka wa mwisho, redio mpya na matairi, jumla dola 2,590, kodi yake dola 155 na senti 40. Karani aliandika barua ya uamuzi mpya na barua ya kuomba radhi, akaweka jina lake chini ya zote mbili. Kisha, kabla ya Bw. Oyler kufunga mkoba, alimweleza habari ya zile siku kumi na tisa. Alikuwa ameshajitayarisha kwa lolote. Bw. Oyler alimsikiliza mpaka mwisho.

"Itaingia kwenye faili lako," alisema. "Kwamba ulichelewa, na kwamba ulisema mwenyewe. Yote mawili."

Bi. Tveit alipiga simu kwa akina Ruzicka mara nne jioni hiyo. Walikuwa kwenye mechi ya mjukuu wao, na wazee wale hawana mazoea ya kusikiliza ujumbe ulioachwa. Kwa hiyo Jumamosi, siku yake ya mapumziko, saa moja na nusu asubuhi, gari lake lilisimama mbele ya nyumba anapoishi karani, chupa ya kahawa katikati ya viti. Palikuwa na ukungu, na Bi. Tveit, ambaye hajawahi kupewa faini ya mwendo kasi, aliendesha kwa namna ambayo haitaelezwa kwenye jarida la idara ya serikali.

Walifika saa tatu kasoro dakika tano. Milango ya banda ilikuwa wazi. Kile kipande cha INAUZWA kilikuwa kimeshabanduliwa. Kijana wa Nebraska, mtu mpole mwenye kofia mkononi, alikuwa ameketi ndani ya ndege, kiti cha kulia, akijaribu mikanda. Hundi ilikuwa juu ya meza ya seremala chini ya bisibisi. Bw. Ruzicka alikuwa amesimama kando na kalamu, bado hajaandika, na mkewe alikuwa amegeuka kuelekea ukutani.

Bi. Tveit alimsogeza karani mbele, kwa kuwa barua ilikuwa yake. Karani akampa Bw. Ruzicka, naye akaisoma akiwa ameishika mbali na macho, kwa vile miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza upya.

"Wilma," alisema. "Mia moja hamsini na tano."

"Elfu?"

"Dola. Na senti arobaini."

Bi. Ruzicka aliichukua barua akaisoma mwenyewe, maana kwa mambo ya maandishi hakuwahi kumtegemea mumewe. Kisha aliikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akatembea mpaka ubavuni mwa ndege na kugonga bati kwa kidole.

"Shuka, mwanangu," alimwambia yule mnunuzi. "Hicho ni kiti changu."

Kijana alishuka. Walimlisha kifungua kinywa, naye akarudi Nebraska na hundi yake, bila kinyongo, akiwa na anwani ya mtu wa Kansas anayetaka kuuza ndege. Bw. Ruzicka alikaa chini kwenye ngazi ya mbao akakaa hapo muda mrefu, akifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. Njiani kurudi, Bi. Tveit alisimamisha gari penye mgahawa wa barabarani na kuagiza pai mbili. Karani alimaliza yake na kuagiza nyingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu tarehe 3 Oktoba kuhisi njaa.

Kutokana na suala hilo, Bi. Tveit aliandika upya fomu yetu ya wahamiaji wenye ndege. Sasa ina mstari unaouliza kama ndege ilitengenezwa na mwenyewe, na mtambo hauruhusiwi tena kukisia bei ya ndege ya namna hiyo bila afisa kumpigia simu mwenye ndege kwanza. Tangu Januari fomu hiyo imetumika kwa familia tisa zilizohamia jimboni, na hakuna hata moja iliyotumiwa madai ya uongo. Bi. Tveit anasema hiyo ndiyo karatasi anayojivunia kuliko zote alizowahi kuziandika hapa, na kwamba inatosha kuwa ya mwisho.

Anaondoka akiwa na afya njema. Yeye na mumewe, Bw. Orrin Tveit, watahamia kwenye nyumba yao ndogo ya ziwani, ambako anakusudia kusoma vitabu visivyo na vifungu vya sheria, na kumfundisha mumewe kuoka, jambo ambalo Bw. Tveit amelisikia kwa mara ya kwanza kupitia rasimu ya makala haya. Dawati la ndege litabaki kwa karani aliyemfundisha, ambaye alimaliza muda wake wa majaribio mwezi Januari. Simu yenye waya mrefu anamwachia pia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ghorofa ya tatu tunamshukuru Bi. Tveit kwa uvumilivu wake, kwa vibanio vyake vya nguo, kwa keki zake, na kwa kutuonyesha kwamba nyuma ya kila namba ya usajili kuna mtu anayeweza kupigiwa simu. Wafanyakazi na wageni wote wanakaribishwa kwenye sherehe ya kumuaga, Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa chakula.

Bw. na Bi. Ruzicka walialikwa. Wamejibu kwa kadi, mwandiko wa Bi. Ruzicka, wakiomba radhi kwamba hawataweza kufika: utabiri wa Ijumaa ni anga safi na upepo mdogo kutoka kusini, na wao watakuwa juu.

Bi. Marlys, tunakuombea siku nyingi za hali ya hewa kama hiyo.

Garrick Lindahl
Karani, Dawati la Ndege